Saa 53 na Nusu za Mtoto wa Miaka Saba

BARAZANI KWA MWALIMU: Maswali ya wasomaji

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makorora hapa Tanga. Swali langu linamhusu mkubwa, mvulana wa miaka saba, yuko darasa la pili. Gari la shule linampitia saa 12 na robo asubuhi. Vipindi vinaanza saa 1:30 na kwisha saa 9 alasiri. Jumatatu hadi Jumatano akirudi anavaa kanzu anakwenda chuoni, yaani madrasa, saa 10 hadi saa 12 jioni. Chuo kipo tena Jumamosi na Jumapili, saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Jumanne na Alhamisi usiku mwalimu wa twisheni anakuja nyumbani kwa dakika 90. Alhamisi na Ijumaa jioni ana kocha wa soka, dakika 90 kila siku. Jumamosi saa 10 kuogelea baharini Raskazone, Jumapili saa 10 karate, nako ni dakika 90 kila kimoja. Sasa baba yake amepata darasa la kompyuta na anataka tumwongeze.*

*Baba yake ni shabiki wa Coastal Union, Wagosi wa Kaya, tangu utotoni, hataki soka iguswe. Bibi yake hataki chuo kiguswe. Mimi twisheni naogopa kuiacha kwa sababu ya upimaji wa darasa la nne. Mtoto mwenyewe halalamiki. Ila siku hizi analala saa 4 kasoro, amerudia kukojoa kitandani, na Jumapili usiku tumbo linamuuma. Halafu kuna jambo linatuchekesha nyumbani: kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu anatoka uani, anatazama mawingu, anauliza kama mvua itanyesha. Mtoto wa umri huu anafaa kuwa na shughuli ngapi nje ya shule?*

*Mama Wawili, Makorora*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu nikaanza kujumlisha, kama nilivyokuwa nikisahihisha madaftari ya darasa la pili miaka ile. Shule nimeitolea saa moja kila siku kwa ajili ya chai na chakula. Zinabaki saa 32 na nusu kwa wiki. Chuo ni saa 12. Twisheni saa 3. Soka saa 3. Kuogelea na karate kwa pamoja saa 3. Jumla ni saa 53 na nusu, na hapo gari la shule sijalihesabu, wala kazi ya nyumbani aliyopewa na mwalimu, wala hiyo kompyuta ya baba.

Sheria ya ajira ya nchi hii, ya mwaka 2004, inampangia mtu mzima saa 45 za kawaida kwa wiki. Akizidisha analipwa ziada. Mwanao, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota, amempita karani wa bandarini kwa saa 8 na nusu.

Kabla sijasema lolote kuhusu ratiba, fanya jambo moja wiki hii. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akarudia, tena na tumbo linauma, mpeleke kituo cha afya wampime mkojo na choo. Inaweza kuwa uchovu na wasiwasi. Inaweza pia kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, au minyoo, au sukari, na sukari kwa mtoto haisubiri. Mweleze mganga kila kitu ulichoniandikia, na useme kama siku hizi anakunywa maji mengi kuliko zamani au amekonda. Usimpige wala usimwaibishe mbele ya mdogo wake. Mimi nimewaona watoto wakija shule na godoro limeanikwa barazani makusudi ili wapita njia waone, na nakuambia hakuna hata mmoja aliyepona kwa njia hiyo.

Sasa usingizi. Madaktari wa usingizi wa Marekani walikaa wakakubaliana mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala kila baada ya saa 24. Gari linampitia saa 12 na robo, kwa hiyo hapana budi awe macho saa 11 na robo. Akilala saa 4 kasoro, usingizi wake haufiki saa nane. Ukitaka apate tisa, lazima saa 2 usiku awe amelala. Adhana ya Magharibi inalia saa 12 na ushee. Baki saa moja na nusu hivi ya kuoga, kula, kuangalia daftari na kukusimulia habari za shule. Twisheni ya usiku itaingia wapi hapo? Inaingia ndani ya usingizi wake. Kile anachofundishwa usiku Jumanne anakipoteza Jumatano darasani kwa kusinzia.

Halafu mawingu. Umeniandikia kama jambo la kuchekesha, na mimi sikuweza kucheka. Mtoto anayetoka uani kila alfajiri kutazama mvua anatafuta siku ya mapumziko. Mvua ikinyesha kocha haji, Raskazone hakuendeki, karate ya uwanjani inaahirishwa. Hawezi kumwambia baba yake kwamba amechoka, kwa hiyo anamwachia Mungu amsaidie. Ndiyo maana unasema halalamiki. Watoto wazuri hawalalamiki, na hao ndio wanaoumia kimyakimya.

Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu lilinipata. Binti yangu wa kwanza alipokuwa na miaka saba nilikuwa mwalimu kijana, nimeona watoto wa wenzangu wanavyopelekwa huku na huku, nikasema wangu hataachwa nyuma. Chuo, twisheni ya Kiingereza, netiboli, kufuma kwa bibi mmoja wa Chumbageni, na kaswida kwa ajili ya Maulidi. Nilikuwa nampakia kwenye keria ya baiskeli, natoka shule naye, namshusha, nampitia, namshusha tena. Jioni moja tukiwa Barabara ya 12 nikahisi baiskeli imekuwa nyepesi. Alikuwa amesinzia, mikono imelegea, ameanguka. Kidevu kilipasuka, akashonwa nyuzi nne hospitali ya Bombo. Kovu lipo mpaka leo na yeye sasa ana watoto wake. Mwaka juzi nilimuuliza anakumbuka nini cha wakati ule. Kiingereza hakumbuki alifundishwa na nani. Kufuma hajui. Anakumbuka chuma cha keria kilivyokuwa kinamwumiza mapaja, na anakumbuka kaswida zote, beti kwa beti, anawaimbia wanawe. Kaswida ndiyo peke yake aliyoiomba mwenyewe. Nyingine zote niliziomba mimi.

Umeuliza idadi, sitakuzungusha. Kwa mtoto wa darasa la pili ambaye tayari anakwenda shule ya siku nzima na chuo, shughuli ya kudumu iwe moja. Pengine ya pili kama ina mwisho unaojulikana. Na katika wiki pawe na jioni mbili ambazo hana pa kwenda kabisa, hata kwa shangazi.

Kuogelea ndiko kwenye mwisho, nami nashauri kuendelee. Sisi ni watu wa pwani. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuzama majini miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo vya watoto, na mtoto wa Tanga hata umfungie vipi ndani, siku moja atafika majini na wenzake. Lakini kuogelea ni kitu mtu anajifunza akamaliza: akishaweza kuelea, kupumua na kurudi ufukweni, hakuna haja ya kumlipia miaka mitano. Tena kuna jambo ambalo mvuvi yeyote wa Deep Sea hapa Tanga angekwambia. Maji yanachelewa kwa karibu dakika 50 kila siku, hivyo Jumamosi hii saa 10 yakiwa yamejaa, Jumamosi ijayo saa ileile yatakuwa yamekupwa. Darasa la baharini la saa 10 kila wiki halifuatani na bahari. Mpeleke Jumamosi za maji kujaa peke yake, moja kati ya mbili, na mtu mzima anayejua kuogelea awe ndani ya maji pamoja naye, siyo ukutani na simu. Jumamosi ya pili umempa mtoto jioni yake.

Karate iache. Hukuniandikia hata neno moja la kwa nini anakwenda, na katika kila kitu kingine uliniambia nani anakitaka. Kompyuta ikatae kwa upole. Akifika darasa la tano au la sita itamsubiri, tena itakuwa kompyuta nyingine kabisa.

Twisheni nayo naomba uiache, na hapa najua unatetemeka. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa muda mrefu kuliko umri wako. Kazi kubwa ya madarasa hayo ni kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto akishazijua hizo tatu barabara, upimaji wa darasa la nne unampitia bila kelele. Asipozijua, twisheni ya usiku haitamfundisha, kwa sababu mwalimu wa twisheni mara nyingi anarudia kazi za darasani kwa haraka. Badala yake kaa naye wewe dakika 20 baada ya chakula. Asome kwa sauti, ukurasa mmoja, kitabu chochote, hata karatasi ya gazeti iliyofungiwa maandazi. Akikosea neno msubiri, usimmalizie. Kama baada ya muhula mzima hawezi kusoma sentensi akaielewa, nenda kwa mwalimu wake wa darasa umuulize, halafu apimwe macho na masikio. Watoto wangapi nimewaona wanaitwa wazito kumbe ubao hawauoni!

Chuo. Bibi yake ana haki, na mimi siwezi kukushauri umtoe mtoto chuoni, wala sitaki. Lakini saa 12 kwa wiki ni nyingi kwa umri huu. Mwende kwa ustadhi, wewe na bibi yake pamoja, siyo wewe peke yako. Mkae kwa adabu, mumweleze kwamba mtoto anaamka saa 11 na anatoka shule saa 9, mumwombe siku moja ya mwisho wa wiki apumzike. Bibi akilisema yeye neno hili litapokelewa. Mtoto aliyelala vizuri anahifadhi sura yake haraka. Anayesinzia anakariri sauti ya mwenzake wa kando. Ustadhi analijua hilo kuliko mimi, maana anawaona wanavyopepesuka ikifika saa 11 jioni.

Limebaki soka, na baba yake. Usimhutubie mumeo. Mpe karatasi yenye hesabu, saa 53 na nusu, na nyingine yenye 45 za mfanyakazi, umwache nazo. Najua Coastal kuchukua ubingwa wa ligi mwaka 1988 kulivyowaingia watu wa mji huu. Kuna nyumba ambazo hadithi hiyo inasimuliwa kama kisa cha ukoo. Mwambie kwamba hakuna anayemnyang'anya mchezaji wake. Madaktari wa watoto wanashauri mtoto asibanwe kwenye mchezo mmoja kabla ya kubalehe, acheze michezo mbalimbali, kwa sababu akibanwa mapema anaumia viungo na anauchoka mchezo wenyewe. Na kiasi kinachotakiwa na afya, dakika 60 za kuchangamsha mwili kwa siku, kinapatikana uchochoroni. Chandimu ya mpira wa makaratasi na nailoni, kombolela, rede, kukimbizana na tairi, vyote vinahesabika. Uwanja wa Mkwakwani umejaa wachezaji walioanzia mchangani bila kocha.

Kwa hiyo soka siku moja kwa kocha, Ijumaa. Lakini kwanza tujue kama mtoto anaitaka. Ukimuuliza "unapenda soka?" mbele ya baba yake atasema ndiyo, na jibu hilo halina kazi. Mtazame. Kila shughuli ina siku yake: siku ya soka, viatu anavitafuta mwenyewe au unavitafuta wewe? Akirudi anasimulia, au anakaa tu? Na mvua, anaiulizia siku zote sawa, au zaidi siku fulani? Andika kwa wiki mbili kwenye daftari, siku na alichofanya. Huenda ukagundua kwamba soka anaipenda ila kocha anamkaripia. Huenda ukagundua anachokitaka hamjampeleka kabisa, kama binti yangu na kaswida.

Mkifuata hivi, shule na chuo na soka ya Ijumaa zinafika saa 43 kwa wiki, na wiki ya kuogelea saa 44 na nusu. Bado ni nyingi kwa maoni yangu, ila ni chini ya karani. Jaribuni muhula mmoja tu, msiape wala msiache milele. Wiki za kwanza atazungukazunguka nyumbani akisema hana cha kufanya. Usimtafutie. Msikimbilie kumwashia televisheni, wala simu msimpe. Mwache akae hapo barazani mpaka achoke kuchoka; siku ya tatu au ya nne utamkuta na vifuniko vya soda na kamba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetaja mapumziko miongoni mwa haki alizonazo mtoto kwa wazazi wake, pamoja na afya na elimu, kwa hiyo hata ukiulizwa na majirani una la kuwajibu.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Barabara ya 8. Binti yangu ana miaka sita, darasa la kwanza shule ya serikali, anatoka mchana. Jioni anakwenda chuo, basi. Watoto wa jirani wanakwenda karate, kuogelea, wengine kinanda. Mimi uwezo huo sina. Anashinda anacheza nje au anakuja hapa kijiweni kwangu. Je, namchelewesha?*

*Fundi, Barabara ya 8*

Marahaba, mgosi. Humcheleweshi. Barua yako imekuja wiki moja na ile ya Makorora, na nimeona vizuri kuziweka pamoja.

Binti yako anayecheza mdako anahesabu kila anaporusha kete: moja, mbilimbili, tatutatu, na akikosea wenzake wanamtoa. Akicheza rede anajifunza kukwepa na kukubali kwamba amepigwa, jambo ambalo watu wazima wengi linatushinda. Kujipikilisha kwa vifuu na mchanga, mmoja mama mmoja mgeni, humo lugha inakua kwa namna ambayo mimi darasani na wanafunzi themanini nisingeweza kuifikia. Haya hayalipiwi, na kwa umri wa miaka sita ndiyo yenyewe.

Hapo kijiweni kwako kuna shule nzima. Mpe kopo la nati na skrubu azitenge kwa ukubwa. Mhesabishe spoku za gurudumu. Mwambie abashiri ipi itaingia kabla hujaijaribu, kisha muone pamoja. Umweke mbali na petroli ya kuoshea minyororo na gundi ya viraka, harufu yake ni mbaya kwa kifua cha mtoto. Na asikae upande wa barabara, bodaboda za siku hizi unazijua.

Mambo mawili ningeongeza. La kwanza, mpeleke Maktaba ya Mkoa, hata mara moja kwa mwezi, siku ambayo kazi ni chache. Kaeni wote wawili muangalie picha, na kama kusoma kwako kuna kigugumizi usione haya, yeye akusomee wewe. La pili ni kuogelea. Hapo sikubaliani na ukimya wako, kwa sababu anashinda nje na bahari haiko mbali. Huhitaji kocha. Mtafute ndugu au jirani anayeogelea kweli, mwende naye Jumapili maji yakiwa yamejaa na yametulia, mshike tumbo binti mpaka aelee. Fundisho la kwanza liwe kulala chali juu ya maji na kupumua. Niandikie akishaweza.